Dari ya jikoni Tudor: nani aliyeozesha nondo?

Kipande kilichoanguka kilikuwa na ukubwa wa sinia ndogo ya kahawa na unene wa kidole gumba. Kilidondoka alfajiri, Mama mwenye nyumba akiwa chumbani anaswali, kikaangukia meko ya gesi na kuibonda sufuria ya chai. Kwa kawaida saa hiyo huwa amesimama pale pale akikoroga chai. Siku hiyo alichelewa kuamka.

Kazi yangu ni kukagua majengo hapa Mombasa. Mwanawe mkubwa, tuliyesoma naye, alinipigia simu kabla ya saa moja. Nilipofika, kipande kilikuwa kimewekwa mezani juu ya gazeti. Upande mmoja ulikuwa na chokaa nyeupe ya dari iliyopigwa na moshi. Upande wa pili ulikuwa na mfereji mmoja wa nusu duara, alama ya nondo, na ndani ya mfereji kutu iliyochambuka tabaka tabaka kama chapati. Nilipoikwangua kwa ukucha ilitoka kwa magamba.

"Hii ni kazi ya Ami," rafiki yangu alisema. "Alikoroga zege kwa maji ya kisima. Watu walimwambia, hakusikia."

"We wakati huo ulikuwa na miaka mingapi?" mamake akamkata. Lakini hakumtetea shemejiye, na wala hakusema kwamba ni uongo.

Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1996. Ni nyumba ya chini yenye paa la zege, na juu yake nondo zimeachwa zikitokeza kusubiri ghorofa ambayo haijajengwa mpaka leo. Aliyeijenga ni huyo Ami, ndugu mdogo wa marehemu baba mwenye nyumba, fundi mwashi aliyekuwa na jina zuri mtaa wote wa Tudor. Miaka minne iliyopita dari ya jikoni ilianza kufanya nyufa, maneno yakasemwa mbele ya watu siku ya khitma, na tangu siku hiyo Ami hajakanyaga pale, hata Idi. Mimi niliitwa kukagua dari. Nilipokaa dakika kumi tu nilifahamu kuwa jibu langu lingeangukia kichwani mwa mtu, na hapo nikaamua nisitamke neno mpaka nipime.

Shutuma yenyewe ilikuwa na msingi. Nondo ndani ya zege haishiki kutu kwa urahisi, hata mahali penye joto na unyevu kama hapa petu, na sababu ni saruji. Saruji ikikutana na maji huzaa chokaa nyingi, na maji yaliyobaki ndani ya vitundu vya zege yanakuwa makali, ukali wa namna ya magadi si wa ndimu, pH yake (kipimo cha ukali huo) baina ya 12.5 na 13.5. Katika ukali huo chuma hujivika utando wa oksidi mwembamba ajabu, wa nanomita chache tu. Utando huo ndio unaoshikilia majumba yote ya zege duniani.

Una maadui wawili. Wa kwanza ni hewa ya ukaa, ambayo huingia kidogo kidogo kutoka nje, ikala ile chokaa na kushusha pH chini ya 9, kisha utando ukayeyuka kila mahali. Wa pili ni kloridi, nusu ya chumvi yetu ya mezani. Huyu hana haja ya kushusha pH. Hupenya na kutoboa utando sehemu moja moja, kama mdudu anavyotoboa embe. Palipotobolewa panageuka kuwa ncha moja ya betri, na nondo iliyobaki nzima kando yake inakuwa ncha ya pili. Elektroni zapita ndani ya chuma, ioni, yaani chembe zenye umeme, zapita katika unyevu wa zege, na chuma chaliwa pale pale kwenye tundu. Kutu inayozaliwa hudai nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara 2 hadi 6. Zege lina nguvu nyingi likibanwa, lakini likisukumwa kutoka ndani halina ujanja. Hupasuka.

Kwa hiyo maji ya chumvi na nondo havikai pamoja, na visima vya kisiwa hiki vina chumvi. Maji ya bomba Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere huko Shimba Hills, na visima vya Tiwi. Yakikatika, na hukatika sana, kila mtu hurudi kisimani. Maji ya mvua yaliyozama ardhini huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi kidogo tu: lita ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.025. Tofauti hiyo ndogo ina hesabu yake. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ukivuta mpaka kimo cha juu kikashuka nusu mita, mpaka wa chini nao hatimaye hupanda kama mita 20, na chumvi ikaja juu. Mama hakuhitaji kuelezwa hesabu hiyo. "Nilipoolewa hapa," alisema, "kisima hiki tulikuwa twanywa. Sasa hata sabuni yakataa kutoa povu."

Lakini kulikuwa na jambo lililokuwa likinikera tangu nilipoingia. Paa lile lilimwagwa siku moja. Mama alikumbuka vizuri, maana ndiye aliyewapikia: vijana wa mtaa walipokezana karai kutoka baada ya alfajiri hadi karibu na Isha. Kisima kimoja, mchanga wa lori moja, saruji ya aina moja, fundi mmoja. Kama maji ya kisima ndiyo yaliyoua jikoni, yalikuwa yamesahau nini kwenye sebule na vyumba vitatu?

Nilichukua nyundo ndogo nikaanza kugonga dari, hatua kwa hatua, mtoto wa nyumba akinishikia ngazi. Zege zima hujibu kwa sauti kavu, fupi. Zege lililoachana na nondo zake hulia kama debe. Sebule ilijibu vizuri. Vyumba viwili vilijibu vizuri. Chumba cha tatu kilikuwa na sauti ya debe kwenye kona moja tu, ile inayopakana na jikoni. Jikoni kwenyewe, nusu ya dari ilikuwa debe tupu. Nikamwomba Mama asipike tena humo mpaka tuegemeze dari kwa miti, naye akahamia uani siku hiyo hiyo na jiko lake la makaa.

Kisha nikapima tabaka la zege linaloifunika nondo. Jikoni lilikuwa milimita 12. Chumbani 14 na 15. Sebuleni 18. Hapa ndipo kosa la Ami lilipo, na nililiandika waziwazi kwenye ripoti. Jengo la pwani linahitaji milimita 40 au zaidi. Mafundi wana dawa rahisi ya hili, vijitofali vidogo vya saruji wanavyoviita biskuti, ambavyo hutiwa chini ya nondo kabla ya kumwaga zege ili chuma kisilale juu ya mbao. Humu havikutumika. Chumvi hupenya zege polepole, na muda wake hufuata mraba wa kina: ukipunguza tabaka kwa nusu, muda wa kufika kwenye chuma hubaki robo. Ukiweka milimita 12 mahali pa 40, muda hubaki chini ya sehemu moja ya kumi. Fundi anayejenga pwani bila biskuti amemnyang'anya mwenye nyumba miongo ya amani, na hilo sitalifunika kwa sababu ya huruma.

Hata hivyo tabaka la chumbani lilikuwa karibu sawa na la jikoni, na chumbani palikuwa pazima. Kosa hilo lilifungua mlango tu. Aliyeingia alikuwa bado hajajulikana.

Nikaanza na hewa ya ukaa, maana jikoni kuna moto kila siku. Kuna dawa ambayo wengi wameiona maabara ya shule ya upili, fenoftalini. Ukiipulizia kwenye zege lililovunjwa sasa hivi, penye ukali wa kutosha panageuka rangi ya waridi iliyokolea, na palipoliwa na hewa ya ukaa panabaki vile vile. Chumbani, milimita 8 za nje zilibaki na rangi yake ya kijivu, kisha waridi ikaanza. Jikoni nilivunja ukingo mpya kando ya nondo iliyooza na kupulizia. Waridi ilikuja mpaka kwenye kutu yenyewe. Nilisimama juu ya ngazi nikaiangalia kwa muda: kutu nyekundu ya kahawia, na karibu yake kabisa, kama doa la juisi ya ukwaju na la rosela kwenye kitambaa kimoja, zege ambalo bado lina ukali wake wote. Chuma kilikuwa kimeoza ndani ya zege lenye afya. Hewa ya ukaa ikatoka kwenye orodha. Tena ilikuwa na sababu ya kutoka, kwa kuwa zege lililolowa hupitisha hewa hiyo kwa shida.

Ikabaki chumvi, na swali la chumvi ipi. Hapa nilitoboa kwa drili, nikikusanya vumbi la kila milimita kumi kwenye kikaratasi chake: 0 hadi 10, 10 hadi 20, mpaka katikati ya unene wa paa. Nilifanya hivyo jikoni na chumbani. Kila vumbi nililiyeyusha kwenye maji yaliyosafishwa yenye matone ya asidi ya nitriki, nikachuja, kisha nikatia matone ya nitrati ya fedha. Fedha ikikutana na kloridi huzaa unga mweupe usioyeyuka. Kadiri kloridi ilivyo nyingi ndivyo maji yanavyokuwa meupe.

Mama alikuja kuangalia vichupa vilivyopangwa kwenye dirisha. Safu ya chumbani yote ilikuwa sawa, weupe hafifu kama tui la mwisho, kutoka kichupa cha kwanza hadi cha mwisho. Safu ya jikoni ilianza na weupe mzito, kasimile kabisa, lile tui zito la kwanza, kisha ikapungua kadiri tulivyokwenda ndani, na kichupa cha katikati ya paa kikakaribia kufanana na vya chumbani. "Hii ya kwanza," alisema akigusa kichupa, "imetiwa nini?"

Hakuna aliyeitia. Lakini vichupa vile vilikuwa vimesema karibu kila kitu. Chumvi iliyoingia siku ya kukoroga husambaa sawasawa katika unene wote, kwa sababu zege lilichanganywa. Ndiyo ile safu ya chumbani. Chumvi iliyokuja baadaye hujazana upande ilikoingilia au inakokaukia maji, kisha hupungua ndani. Ndiyo safu ya jikoni. Kulikuwa na chumvi mbili katika nyumba ile. Moja ilikuwa ya Ami, ya mwaka 1996, nayo ilikuwa kidogo na ilikuwa kila mahali. Ya pili ilikuwa nyingi, ilikuwa jikoni tu, na ilikuwa imekuja baada yake.

Tulipanda juu ya paa.

Tangi la plastiki la lita 1,000 lilikuwa limekaa juu ya jikoni kabisa, juu ya matofali manne. Hujazwa kwa pampu kutoka kisimani. Halina boya la kuzuia maji wala bomba la kutolea yanayozidi. Nikauliza pampu huzimwa vipi. Mtoto aliyenishikia ngazi akajibu kama mtu anayeulizwa jambo la wazi: "Maji yakisikika yamwagika uani, mtu akimbia kuizima."

Nyumba ngapi za Mombasa hufanya hivyo? Nimeziona nyingi mno. Sauti ya maji kumwagika ndiyo kengele. Na kabla maji hayajafika ukingoni na kusikika, huwa yamekwisha kutanda juu ya paa. Hapa paa lilikuwa limebonyea kidogo chini ya uzito wa tangi, na kwenye bonde hilo palikuwa na duara jeupe, pete ndani ya pete, kama alama zinazoachwa na bwawa linalokauka. Nilikwangua kidogo nikaonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi.

Hesabu niliifanya pale pale, nyuma ya kikaratasi, na naiweka hapa kwa kuwa ndiyo iliyomaliza ubishi. Kipimo changu kilionyesha maji ya kisima yana kama gramu 2 za kloridi kwa lita. Maji ya bahari yana kama gramu 19. Mfuko wa saruji wa kilo 50 hunywa kama lita 30 za maji wakati wa kukoroga. Kwa hiyo, tukimhukumu Ami kwa maji ya leo, ambayo ni mabaya kuliko ya 1996, kila mfuko ulipata gramu 60 za kloridi, yaani asilimia 0.12 ya uzito wa saruji. Kikomo kinachotumika sana kwa zege lenye nondo ni asilimia 0.4, kikijumlisha kloridi ya vitu vyote vilivyotiwa. Kama angekoroga kwa maji ya bahari ingekuwa zaidi ya asilimia 1, na vyumba vyote vitano vingekuwa vimeshaanguka zamani.

Sisemi maji yale yanafaa. Kiwango cha Ulaya cha maji ya kukorogea zege lenye nondo ni gramu 1 tu ya kloridi kwa lita, na kisima hiki kina mara mbili yake. Mchanga nao huja na chumvi yake, na hivi vyote hujumlishwa. Ulimi ni kipimo kizuri cha kuanzia: kloridi ikipita kama robo gramu kwa lita, mtu huanza kuionja.

Sasa upande wa tangi. Jikoni ni mita 3 kwa 3, paa lina unene wa milimita 150. Hilo ni zege la takriban mita 1.35 za ujazo, mifuko kama tisa ya saruji. Kloridi yote ambayo maji ya Ami yaliingiza juu ya jikoni ni kama nusu kilo, mara moja, siku moja. Tuseme kila siku lita 10 tu za maji yaliyozidi zilibaki bondeni zikakauka. Maji huenda na upepo, chumvi hubaki yote. Hizo ni gramu 20 za kloridi kwa siku, kilo 7 kwa mwaka. Mvua za masika huosha sehemu kubwa, najua. Lakini kiangazi cha kaskazi, Desemba hadi Machi, hakuna cha kuosha, na kila asubuhi bwawa jipya hujaa juu ya chumvi ya jana. Tangi lenyewe likijaa lina uzito wa tani moja na zaidi, nalo lilikuwa limefanya ufa mwembamba paani. Maji ya chumvi yalishuka kwa ufa huo, yakafika dari, na joto la meko likayakausha hapo hapo, sentimita moja na kidogo kutoka kwenye nondo. Ndiyo maana weupe wa kasimile ulikuwa upande wa chini. Kando ya ufa kulikuwa na vijiti vyeupe vya chokaa vinavyoning'inia, urefu wa kiberiti, ambavyo mwaka baada ya mwaka vilipakwa rangi pamoja na dari.

"Tangi liliwekwa lini?" niliuliza.

Mama alimtazama mwanawe. Lilikuwa zawadi. Mshahara wake wa kwanza bandarini, mwaka 2001, alimnunulia mamake tangi ili asivute tena maji kwa ndoo. Rafiki yangu aliketi kwenye ukingo wa paa, hakusema kitu kwa muda mrefu. Nilimwambia ninachoamini hadi sasa: hakuna aliyemfundisha, muuza tangi hakumwambia, na mgongo wa mamake umepumzika miaka yote hiyo kwa sababu yake. Kilichokosekana kilikuwa boya na bomba la futi chache.

Lilibaki jambo moja ambalo lilikuwa limewachanganya wote. Miaka minne iliyopita walimwita fundi akabandua zege lililolegea, akapiga lipu ya saruji nzuri, akapaka rangi. Kiraka kile hakijaanguka. Kilichoanguka ni zege lililokuwa zima kando yake. Watu wa nyumba waliona kama uchawi, lakini ndivyo umeme wa kutu unavyofanya kazi. Pale nondo ilipokuwa ikiliwa, ilikuwa ikitoa elektroni kwa nondo za jirani, na elektroni hizo zilizikinga zisiliwe, ingawa nazo zilikuwa zimezungukwa na chumvi. Ukifunika mahali pale kwa saruji mpya yenye ukali, kuoza kwake hukoma, na ulinzi wake kwa jirani nao hukoma. Sasa jirani ndiye anayeanza kuliwa, pembeni mwa kiraka, mara nyingi kwa kasi.

Elimu ya chuma kimoja kujitoa ili kingine kipone ni ya zamani. Humphry Davy wa Uingereza aliionyesha mwaka 1824 kwa shaba ya merikebu, akiipa kinga ya zinki au chuma, mwaka ule ule ambao Joseph Aspdin alipata hataza ya saruji ya Portland. Meli za chuma zinazotia nanga Kilindini hadi leo hufungwa vipande vya zinki au alumini tumboni, vikaliwa vyenyewe na bati likabaki. Hapa, nondo mbovu ndiyo iliyokuwa zinki, na walipoifunika wakabaki bila kinga.

Ndiyo maana nilikataa kiraka cha pili. Nilipima nondo moja kwa kalipa, chombo cha kupimia unene: ilinunuliwa ikiwa milimita 10, na kwenye tundu la kutu ilibaki 7. Kwa macho inaonekana imepungua kidogo, lakini nguvu hufuata eneo la mkato, na eneo limebaki chini ya nusu. Tangi likamwagwa na kushushwa kwanza. Dari ikaegemezwa. Kisha sehemu yote ya jikoni ikakatwa, pamoja na ile kona ya chumba cha tatu, mpaka tukafika kwenye nondo safi, tukaziacha zitokeze milimita 400 ili mpya zifungwe nazo. Kwenye ukingo, zege la zamani linapokutana na jipya, tulifunga vipande vya zinki kwenye nondo. Safari hii tumejichagulia wenyewe kitakacholiwa.

Mama alikuwa akifuatilia yote akiwa uani. Alizaliwa Kibokoni, Mji wa Kale, katika nyumba ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. "Kwa baba kulikuwa na chumvi ukutani siku zote," alisema. "Chokaa ikichambuka, ikapakwa nyingine. Haikutuangukia." Alikuwa sahihi, na sababu ni kwamba mle hamna chuma cha kuvimba. Chumvi huichambua chokaa kwa juu, ikapakwa upya, basi. Ngomeni, Fort Jesus, ilianzwa kujengwa mwaka 1593 kwa matumbawe na chokaa, nayo imepigwa na rasharasha za bahari tangu hapo. Bei yake ni upana: chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti, na boriti nyingi hazifiki mita 3. Nondo ndizo zilizotupa sebule pana, na huduma ya nondo ni kuwekwa mbali na chumvi.

Siku ya kumwaga zege jipya, rafiki yangu alikwenda Kongowea asubuhi na mapema akarudi na Ami. Sikujua walisema nini njiani. Mzee alipeana mkono na kila mtu, akamwambia Mama, "Shemeji, hamjambo humu," kama aliyetoka jana. Kisha akaomba aonyeshwe nondo ya zamani. Aliishika ncha mbili, akapitisha kidole gumba kwenye tundu la kutu, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Biskuti sikuweka," alisema. "Wakati ule twaweka kokoto chini ya chuma, twaenda zetu. Hilo ni langu."

Nikamwonyesha ripoti yangu mahali nilipoliandika, na mahali nilipoandika kuhusu tangi. Aliisoma polepole, miwani ikiwa puani, akairudisha bila kusema neno. Maji yalikuwa yameletwa kwa mkokoteni, mitungi ya maji ya bomba imepangwa chini ya muembe. Ami alifungua mtungi mmoja, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akavua viatu, akapanda kwenye mbao, akainama na kuanza kuingiza mkono chini ya nondo, moja baada ya nyingine, kuhakikisha kila biskuti imekaa mahali pake.